Banda la Bustani ya Kasri: Kipi Kazi, Kipi Pambo

Hoteli za ufukweni Bagamoyo zimekuwa na mtindo mmoja siku hizi. Katikati ya majani yaliyokatwa vizuri husimamishwa kibanda cheupe cha pembe nane, chenye nguzo nyembamba, paa lililochongoka na uzio mfupi uliotobolewa nakshi. Wapiga picha za harusi wanakipenda kwa sababu bahari inaonekana nyuma yake. Watu wanakiita gazebo, na ukiuliza kimetoka wapi utaambiwa ni mambo ya Wazungu.

Jibu hilo si uongo mtupu, ila limeanzia mwisho wa safari. Banda la bustani ya kasri ni jengo la kale sana, na limezunguka kutoka Uajemi hadi Istanbul, kutoka Bengal hadi Lahore, likaingia Ulaya limevaa nguo za Kichina. Ng'ambo yetu tu hapa Unguja palikuwa na moja maarufu kabla Mjerumani hajakanyaga Bagamoyo. Kinacholifanya liwe gumu kulielewa ni kwamba kila lilikopita liliacha kitu na kuchukua kitu. Sehemu iliyokuwa na kazi kule, huku inageuka pambo, na fundi anayenakili picha ya simu hawezi kujua lipi ni lipi asipoulizia hali ya hewa ya kule lilikotoka. Mimi naona hilo ndilo swali la kuliuliza kila banda: hapa, kipi kinafanya kazi na kipi kimekuja kupendeza tu?

Tuanze na la karibu. Kaskazini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, kando ya bahari, yapo magofu ya kasri la Mtoni, ambalo Seyyid Said bin Sultan alilifanya makazi yake alipokuwa akihamishia utawala wake kutoka Maskati. Seyyida Salme, binti yake, alizaliwa humo mwaka 1844. Baadaye aliondoka Unguja, akabatizwa, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg na kuitwa Emily Ruete. Mwaka 1886, akiwa mjane Ujerumani, alichapisha kumbukumbu za maisha yake, na humo akaieleza benjile.

Benjile ilikuwa roshani kubwa ya mviringo, mfano wa mnara mpana, iliyosimama upande wa baharini mbele ya nyumba kuu. Yote ilikuwa ya mbao zilizopakwa rangi: sakafu, uzio na dari lililokaa kama hema. Salme, akiwaandikia Wajerumani, aliifananisha na ile pembea kubwa ya kuzunguka inayowekwa viwanjani kwa watoto. Ndani hamkuwa na vitu vingi, ni viti vya henzirani na darubini ya kutumiwa na kila mtu. Seyyid Said alikuwa akitembea humo huku na huko kwa muda mrefu, kichwa ameinamisha, akichechemea kwa sababu ya risasi iliyompata pajani vitani. Mara mbili tatu kwa siku alikunywa kahawa hapo pamoja na mkewe mkuu, Seyyida Azza binti Seif, na watoto wake waliokwisha kuwa watu wazima. Aliyetaka kusema na mzee faraghani alijua saa za kumkuta pale. Mbele yao, majini, meli ya kivita Er-Rahmani ilikuwa imetia nanga.

Sasa tulitazame jengo hilo kwa jicho la fundi. Kwa nini mbao, wakati kasri lenyewe ni la mawe? Nyumba ya mawe ya pwani, kama zile zilizosalia kwenye mitaa ya zamani ya Bagamoyo, ina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene wa nusu mita hivi. Kuta hizo zinakunywa joto taratibu tangu asubuhi, ndiyo maana saa nne ukiingia ndani unahisi ubaridi. Lakini kilichonywewa mchana lazima kitapikwe, na kinatapikwa jioni na usiku, wakati mtu anapotaka kupumzika. Tena vyumba vyake ni vyembamba, kwa sababu dari linabebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haivuki mita tatu kwa wepesi. Ukitaka chumba kipana inabidi uweke nguzo au matao katikati. Kwa hiyo kasri la mawe ni ngome nzuri na ghala zuri, ila si mahali pazuri pa kukaa watu ishirini saa kumi na moja jioni.

Mbao hazina tabia hiyo. Ubao mwembamba ukiwa kivulini hauweki akiba ya joto, na jua likizama banda zima limepoa ndani ya muda mfupi. Mbao pia zinaruhusu upana, kwa kuwa makombamoyo, yaani miti ya mteremko inayobeba paa, yanakutana juu katikati yakaegemeana na kuacha sakafu wazi. Hapo utaona benjile haikuwa nyongeza ya anasa pembeni mwa kasri. Ilikuwa ikifanya yale ambayo kasri, kwa jinsi lilivyojengwa, lisingeweza kuyafanya.

Mviringo nao una sababu zake. Pwani yetu inatawaliwa na pepo mbili, kaskazi inayovuma kuanzia Desemba hadi Machi na kusi inayoshika baada ya masika, na katikati yake kuna upepo wa mchana wa kutoka baharini na wa usiku wa kutoka nchi kavu. Chumba cha pembe nne kina uso na kisogo, upepo ukigeuka nusu ya watu wanatota jasho. Cha mviringo kilicho wazi pande zote hakijali. Halafu kuna jambo la adabu. Chumba cha mviringo hakina kichwa wala mkia, wala ukuta wa mwisho ambao mfalme anauegemea huku wengine wakijipanga kwa vyeo. Mtawala anayetembea huku na huko katikati ya viti vya henzirani amejitengenezea baraza lisilo na kiti cha enzi. Sisemi Seyyid Said alikusudia usawa. Nasema jengo lilimpunguzia sherehe, na kwa mtu aliyeishi katika nyumba yenye watu wapatao elfu moja kwa hesabu ya bintiye, bila shaka alihitaji mahali kama hapo.

Hapa ndipo benjile inapoachana na baraza tunalolijua Bagamoyo. Baraza la nyumba zetu limeshikamana na ukuta wa mbele, linatazama njia, na faida yake ni wapitaji: salamu, habari, bei ya samaki, nani kasafiri. Banda la kasri ni baraza lililobanduliwa kwenye nyumba likapelekwa mahali ambapo hapiti mtu. Mtoni inatazama magharibi, yaani inatutazama sisi watu wa Mrima, pwani ya bara, na kwa darubini ile aliyeketi aliweza kuviona vyombo vinavyopita mkondoni kabla wenye vyombo hawajajua kuwa wanaangaliwa. Kuona pasipo kuonekana ni kazi kongwe ya mabanda ya wafalme, na mara nyingi ndiyo iliyoamua yajengwe wapi, mbele kabisa ya maji au juu ya mteremko.

Ukongwe wenyewe tuutafute Uajemi. Pale Pasargadae, mji wa mfalme Koreshi, zaidi ya miaka 500 kabla ya Kristo, kulikuwa na bustani iliyokatwa kwa mifereji ya mawe yenye vibirika vidogo kila baada ya hatua kadhaa, na majengo yenye nguzo yaliyofunguka kuielekea bustani hiyo. Kanuni ilishawekwa: jengo halitazami mbele kwa ajili ya mlango wake, linatazama maji na miti. Miaka zaidi ya elfu mbili baadaye Waajemi walikuwa bado wanaishika kanuni ile ile. Chehel Sotoun ya Isfahan, iliyokamilika mwaka 1647 zama za Shah Abbas wa Pili, ina ukumbi wa mbele wenye nguzo 20 ndefu za mbao na bwawa refu mbele yake. Nguzo zikijionyesha majini zinakuwa 40, na ndiko jina lake lilikotoka.

Watu husimama kwenye hadithi ya nguzo 40 wakasahau bwawa lenyewe. Isfahan ni nchi kavu. Hewa kavu ikipita juu ya maji, maji yanageuka mvuke haraka, na katika kugeuka huko yanachukua joto la ile hewa. Aliyekaa ukumbini anapata upepo uliokwisha kupozwa. Bwawa lile ni mtambo. Sasa lichukue ulete Bagamoyo, ambako hewa yenyewe imeshiba unyevu kutoka baharini. Maji yatageuka mvuke kwa uvivu, ubaridi hutausikia, na baada ya wiki mbili utakuwa umefuga mbu. Nimeona bustani kadhaa hapa zenye kidimbwi cha saruji kuzunguka kibanda, na sina ugomvi na uzuri wake. Mwenye nayo ajue tu kwamba kimebaki pambo, na pambo linalohitaji samaki wa kula viluwiluwi.

Waturuki waliishi kwenye baridi kuliko Waajemi, na banda lao likaota kuta. Ndani ya kasri la Topkapi, Istanbul, Sultan Murad wa Nne alijenga banda la pembe nane baada ya kuiteka Baghdad mwaka 1638, na likaitwa kwa jina la mji huo. Lina kuba, kuta zilizofunikwa vigae vya buluu na vyeupe, vidaka vya kuwekea vitu, na mahali pa moto, maana Istanbul theluji inaanguka. Nje lina upenu mpana unaotoka mbali kuliko nguzo. Pembe nane hapo zimefanya kazi ya hesabu pia. Kuba ni duara, chumba cha kawaida ni mraba, na pembe nane ndiyo njia nyepesi ya kutoka kwenye moja kwenda kwenye jingine bila kuacha kona zinazoning'inia.

Ila kinachonivutia zaidi kwenye ua ule ni kidogo kuliko vyote. Mwaka 1640 Sultan Ibrahim alisimamisha ukingoni mwa roshani ya mawe kibanda cha nguzo nne nyembamba chenye paa lililopakwa dhahabu, wazi pande zote, kikitazama maji ya Pembe ya Dhahabu chini kabisa. Kilikuwa cha kufuturia. Ramadhani ilipoangukia kiangazi, sultani aliketi hapo akingoja jua lizame. Jengo zima kwa ajili ya ile robo saa ya mwisho! Aliyewahi kufunga mwezi wa joto pwani hii hahitaji kuelezwa kwa nini mtu angependa kuingojea magharibi nje, penye upepo, huku akiliona jua lenyewe linavyoshuka.

India nako kuna kisa cha paa. Wakulima wa Bengal, nchi ya mvua nyingi, walikuwa na vibanda vya mianzi na nyasi vyenye paa lililopinda, katikati juu na miisho imeinamia chini. Mwanzi unapindika, na paa lililopinda linayamwaga maji upesi. Wafalme wa Kimughali, waliotawala India, waliipenda sura hiyo. Mwaka 1633, katika ngome ya Lahore, ambayo leo iko Pakistan, mfalme wao Shah Jahan alijengewa banda la Naulakha, la marumaru nyeupe iliyopachikwa mawe ya thamani, na juu yake paa lililopinda vile vile kama kibanda cha mkulima wa Bengal. Marumaru haipindiki, ilibidi ichongwe. Mvua ya Lahore nayo ni chache sana kuliko ya Bengal. Kwa hiyo kazi yote ya ule mpindo ilibaki Bengal, na Lahore likafika umbo tupu, kwa gharama inayotajwa kwenye jina lenyewe, yaani laki tisa za rupia.

Wazungu wanaingia hapa, tena kwa kuanguka. Mwaka 1670 Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa alijengewa kwenye viwanja vya Versailles jengo la starehe lililoitwa Trianon ya kauri, limepambwa kwa vigae vya udongo vya buluu na vyeupe kuiga kauri za China. Vigae hivyo havikuweza baridi ya Ufaransa. Maji yaliingia, yakaganda, vigae vikapasuka, na mwaka 1687 jengo likabomolewa. Hakuna mfano bora wa pambo lililohamishwa bila kuulizia hali ya hewa.

Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia naye alitaka China yake. Katika bustani ya Sanssouci, Potsdam, alijengewa Nyumba ya Kichina kati ya mwaka 1755 na 1764, kwa ramani iliyochorwa na Johann Gottfried Büring. Ni banda lenye mbawa tatu, limezungukwa na sanamu zilizopakwa dhahabu za watu wanaokunywa chai na kupiga ala. Nyuso za sanamu hizo ni za Kizungu, kwa kuwa wachongaji walitumia wenyeji wa Potsdam kama vielelezo. Na nguzo zinazobeba upenu zimechongwa mfano wa minazi au mitende, na makuti yake juu, zote za dhahabu. Mtu wa Bagamoyo akiziona lazima acheke kidogo. Sisi shina la mnazi tunalisimamisha kuwa nguzo kwa sababu lipo na ni la bei nafuu, na makuti tunaezekea kwa sababu hiyo hiyo. Wao walichonga mawe yafanane na mnazi katika nchi ambayo mnazi hauwezi kuota, ili mfalme ajihisi yuko mbali. Miaka isiyozidi 130 baadaye Wajerumani, warithi wa dola hiyo, waliifanya Bagamoyo makao makuu ya kwanza ya koloni lao. Hapa penye minazi ya kweli walijenga ghala na, mwaka 1897, Boma lenye sura ya kulinda. Banda la dhahabu hawakuhitaji, kule mbali pa kuwazia walikuwa wameshapafika.

Kibanda cheupe cha hotelini, basi, kina ukoo uliochanganyika: pembe nane za Waajemi na Waturuki, paa la kuchongoka lililopita China kwa njia ya michoro ya Wazungu, na uzio wa nakshi unaofanana na wa roshani za Unguja, ambazo zina mkono wa mafundi wa Kihindi. Na benjile ingeweza kuwa babu yake wa karibu zaidi, kama ingebaki.

Haikubaki, na hapo pana dosari katika historia nzima ya majengo haya. Yale yaliyofanya kazi vizuri zaidi kwenye joto yalikuwa ya mbao, na mbao zinaliwa na mchwa, chumvi na moto. Kasri la Marahubi, alilolijenga Seyyid Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880 jirani na Mtoni, liliungua mwaka 1899. Leo zimesimama nguzo zake nene za mawe zilizobeba roshani, pamoja na hamamu na mabirika, lakini roshani zenyewe hakuna. Hamamu za Kidichi, alizozijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, bado zina plasta yake ya maua na ndege. Mtalii anaondoka akidhani wafalme wa pwani waliishi ndani ya mawe. Waliishi zaidi kwenye mbao, ila mbao hazikungoja kupigwa picha.

Kwa anayetaka kujenga lake Bagamoyo, mengi ya haya yanaingia kwenye mambo machache ya fundi. Pembe nane usizikisie kwa macho. Chora mraba wa mita 4 kwa 4, pima kona hadi kona, ni mita 5.66, chukua nusu yake, 2.83. Funga kamba ya urefu huo kwenye kila kona na uweke alama inapokata pande mbili za mraba. Utapata alama nane, unganisha, na kila upande utatoka mita 1.66. Mbao za uzio zinapokutana pembeni kila moja ikatwe nyuzi 22.5, na hapo ndipo fundi mwenye haraka hujulikana.

Paa la makuti liinuke kama nyuzi 45, chini ya hapo maji yanalala na makuti yanaoza. Ukiezeka kwa mabati, acha tundu lenye kofia juu kabisa ili hewa ya moto itoke, au weka dari, la sivyo unajenga jiko. Upenu utoke mita moja nzima nje ya nguzo, kwa kuwa mvua inayosukumwa na kusi haianguki wima, na jua la saa kumi linaingia kwa chini. Upenu mfupi ndio ugonjwa wa vibanda vingi vya hoteli, vinapendeza pichani na saa nane mchana hakuna anayekaa ndani. Uzio ukiwa na ubao mpana kwenye kimo cha sentimita 45 unakuwa kiti, na hutahitaji viti vya plastiki. Sakafu ipandishe ngazi mbili juu ya ardhi, na nguzo zikae juu ya vitako vya zege badala ya kuzikwa mchangani, maana mchwa wa hapa hawabagui mninga na mnazi.